Stuli Kando ya Kitanda

Siku ya kwanza ya kozi hatukupewa kitabu cha ibada. Tulipewa stuli. Mkufunzi wetu, mchungaji mzee aliyekwisha kustaafu mara moja na kuitwa tena kazini, alisimama mlangoni mwa wodi ya wanaume akatugawia stuli sita za mbao, moja kwa kila mmoja, kama mwalimu anayegawa madaftari. "Atakayezungumza na mgonjwa akiwa amesimama," alisema, "arudi usharikani kwake."

Nilikuwa mchungaji wa usharika kwa miaka tisa. Nilishatembelea wagonjwa nisioweza kuwahesabu, na karibu wote niliwatembelea nikiwa wima, mkoba begani, jicho moja kwa mgonjwa na jingine kwenye saa ya ukutani, maana basi la mwisho la kupanda milimani halimsubiri mtu. Kozi ile ilikuwa ya utangulizi tu, wiki tatu, katika hospitali moja ya kanisa ambayo sitaitaja. Wanaodhani wana wito wa uchapleni, yaani uchungaji wa hospitalini, hupelekwa huko wakajipime kwanza, kabla fedha za mafunzo marefu hazijatolewa. Katika sisi sita, mmoja aliondoka siku ya nne bila kuaga. Stuli yake ilibaki imeegemezwa ukutani mpaka tulipomaliza.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzito wa kuvuta mfupa. Nikaweka stuli, nikaketi, nikazungumza naye. Jioni tukaambiwa tuandike kila neno lililosemwa, la mgonjwa na letu, bila kupamba, na pale tuliponyamaza tuandike kwamba tulinyamaza. Nilichoandika ni hiki:

Mimi: Shikamoo mzee.
Yeye: Marahaba, mwanangu. Mchungaji mwenyewe anakuja lini?
Mimi: Mchungaji ni mimi.
Yeye: Haya.
Mimi: Pole sana na maumivu.
Yeye: Nimeshapoa. Shida ni mbuzi.
Mimi: Mungu atawatunza. Umekula?
Yeye: Nimekula. Mbuzi wamefungwa tangu juzi, kijana kaenda Korogwe.
Mimi: Usiwe na wasiwasi, mzee. Madaktari wa hapa ni wazuri.
Yeye: (kimya)
Mimi: Basi tuombe.

Wenzangu walicheka. Mkufunzi hakucheka. Akauliza mbuzi ni wangapi. Sikujua. Wamefungwa wapi? Sikujua. Nani mwingine yupo nyumbani? Sikujua. Maombi yalichukua dakika ngapi? Nikasema labda saba. "Dakika saba za paja," akasema, "na za mbuzi hata moja hakuna."

Hilo la kuuliziwa mchungaji mwenyewe halikunishangaza. Kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lilikubali mwaka 1990 kwamba wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji, lakini lugha haikuhudhuria kikao kile. Ukisema "mama mchungaji" watu wote wanaelewa mke wa mchungaji. Nimeshakaribishwa jikoni mara nyingi huku wazee wakiendelea kumsubiri mgeni rasmi sebuleni. Kilichoniuma usiku ule ni mbuzi. Niliona kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba mzee aliwataja mara mbili na mara zote mbili nikamfungia mlango.

Karatasi ile nayo ina historia yake, na mkufunzi alianza kutusimulia kesho yake.

Kisa kinamhusu Mmarekani aitwaye Anton Boisen, aliyezaliwa mwaka 1876 huko Bloomington, jimbo la Indiana. Alifundisha lugha, akasomea misitu, kisha akasomea uchungaji. Sharika hazikumshika. Alifanya uchunguzi wa makanisa ya vijijini, akaenda Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuhudumia askari, akarudi bila kazi ya kueleweka. Mwezi Oktoba 1920, akiwa na umri wa miaka 43, alikuwa akijiandaa kurudi kwenye uchungaji, na kama ilivyo desturi aliketi kuandika maelezo ya imani yake. Katikati ya kuandika, akili ikapinduka. Aliamini kwamba ulimwengu unakaribia kuangamia na kwamba yeye ana sehemu katika maangamizi hayo. Ndugu zake wakampeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya Boston, na kutoka hapo akahamishiwa Westborough. Alikaa wodini kiasi cha miezi kumi na mitano.

Sisi sote tulikuwa tumekuja na karatasi yetu ya maelezo ya wito, kurasa mbili, iliyopigwa mhuri wa ofisi ya usharika. Baada ya kusikia habari za Boisen, kila mmoja alianza kuiangalia yake kwa mashaka kidogo.

Akiwa wodini, Boisen alikuwa mshiriki wa ibada za Jumapili za wagonjwa. Wachungaji walikuja kutoka mjini, wakahubiri, wakaondoka. Aliandika baadaye kwamba huenda walijua mambo ya dini, ila ya wagonjwa hawakuyajua kabisa. Mmoja wao alichagua somo la kung'oa jicho linalokukosesha. Boisen akakaa kwenye kiti chake akiogopa, maana alikuwa akiishi na watu wale usiku na mchana na aliwajua walio tayari kuitii amri ile kwa vidole vyao wenyewe. Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka mahubiri yangu mwenyewe ya hospitalini, nikashukuru kwamba hakuna aliyeyaandika.

Alipotoka, mwanzoni mwa mwaka 1922, hakutaka kuyafukia yaliyompata. Alirudi shule huko Boston, akasoma pamoja na daktari Richard Cabot, mtu aliyekuwa na jina kubwa katika utabibu wa wakati ule. Mwaka 1924 mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, William Bryan, akamwajiri kuwa chapleni. Wapo madaktari waliomshangaa Bryan kwa kumleta mhubiri wodini, tena mhubiri aliyekuwa mgonjwa. Inasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa hata daktari wa farasi angemwajiri kama angeona dalili ya wagonjwa kunufaika.

Kiangazi cha mwaka 1925 Boisen aliwapokea wanafunzi wanne wa theolojia. Hao ndio mwanzo wa kozi ambayo siku hizi ulimwengu mzima wa uchapleni huiita kwa herufi tatu, CPE. Aliwavalisha mavazi ya wahudumu wa wodi. Walilisha wagonjwa, walitandika vitanda, walicheza nao michezo, na jioni walikaa na mwalimu wao kuzungumza juu ya waliyoyaona. Kwa Boisen, mtu aliye kitandani ni waraka ulio hai, na mwanafunzi anapaswa kuusoma kwa uangalifu uleule anaousomea Maandiko. Katika wale wanne alikuwemo mwanamke, Helen Flanders Dunbar, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu hivi, akisoma theolojia na baadaye udaktari. Mwaka 1930 chombo cha kusimamia mafunzo haya kiliposajiliwa, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa yeye. Nililipigia mstari jina lake kwenye daftari langu. Mkufunzi aliona, akatabasamu, akaendelea.

Boisen na Cabot hawakudumu pamoja. Boisen alishikilia kwamba upo wazimu ambao ni nafsi inayojaribu kujipanga upya, kama homa inavyopambana na ugonjwa. Cabot alisema hapana, chanzo kipo mwilini, na mchungaji asijifanye daktari. Kila mmoja akashika njia yake. Upande wa Cabot, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, alikuja mwaka 1933 chapleni kijana, Russell Dicks, ambaye alikuwa na tabia ya kuandika mazungumzo yake na wagonjwa neno kwa neno kisha kuyachambua. Mwaka 1936 Cabot na Dicks walichapisha pamoja kitabu juu ya sanaa ya kuwahudumia wagonjwa. Mwaka huohuo Boisen naye akatoa kitabu chake kikubwa juu ya ulimwengu wa ndani wa mtu. Walikuwa wameachana, lakini sisi warithi wao tulipewa vyote viwili siku moja: stuli ya Boisen asubuhi, karatasi ya Dicks jioni.

Neno lenyewe "chapleni" ni la zamani zaidi. Katika karne ya 4 askari wa Kirumi aitwaye Martin alikutana na maskini uchi kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, akafa mwaka 397. Wafalme wa Wafranki walilitunza joho lililosalia kama kitu kitakatifu, wakaenda nalo hata vitani, na mapadri waliolilinda wakapewa jina linalotokana na neno la Kilatini la joho dogo. Kanisa dogo la kulihifadhia nalo likapata jina kutoka hapohapo. Kwetu majina yamekuja kwa njia nyingine: kasisi kutoka Kiarabu, padri kutoka kwa Wareno, mchungaji kutoka malishoni. Nadhani ndiyo maana yule mzee aliona ni haki yake kunieleza habari za mbuzi.

Wiki ya pili mkufunzi akatupa kazi. Kila mmoja aandike jinsi wagonjwa walivyohudumiwa kwao, tangu wazee mpaka hospitali. Nilidhani nitamaliza kwa saa moja. Mimi ni Msambaa. Kwetu, mtu anayefanya mambo yasiyoeleweka huambiwa atapelekwa Lutindi, kama ninyi wengine mnavyosema Mirembe. Nimelisikia jina hilo tangu sijajua kusoma, nikilichukulia kama tusi la kawaida. Sikuwahi kujiuliza Lutindi ilianzaje.

Ilianza kama makao ya watoto. Mwaka 1896 chama kimoja cha Kiprotestanti cha Wajerumani kilijenga makao milimani, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Korogwe, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Misafara ya watumwa ilipokoma, watoto wa namna hiyo wakapungua, na nyumba zikabaki. Mwaka 1905 pakawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza katika koloni zima. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, mwaka 1927, wakati wa Waingereza. Yaani miaka ishirini kabla ya Boisen kuwavalisha wanafunzi wake mavazi ya wodini, palikuwa na watumishi wa kanisa walioishi na wagonjwa wa akili mlimani kwetu, wakila nao na kulima nao.

Watumishi hao walikuwa mashemasi kutoka Bethel, kule Bielefeld, mji wa kanisa uliojengwa kwa ajili ya watu wenye kifafa, ambao Friedrich von Bodelschwingh aliuongoza tangu mwaka 1872. Sera ya Bethel ilikuwa kwamba mgonjwa apewe kazi badala ya sadaka. Wakaja nayo. Mgonjwa wa Lutindi alipewa jembe, akapewa ibada ya asubuhi, akapewa mahali pa kulala. Kwa miaka ile, ambapo sehemu nyingine mgonjwa wa namna hiyo alifungwa kwenye gogo, sitaki kulidharau jambo hilo. Mpaka leo Lutindi ipo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na mikono ya wagonjwa bado inafanya kazi.

Ila nilipokuwa naandika niliona kitu kikinikwama. Shemasi wa Bethel alikuja na majibu mawili mazuri, kazi na Neno. Hakuja na swali. Na huyo shemasi ndiye aliyewafundisha wainjilisti wetu, nao wakawafundisha wachungaji wetu, nao wakanifundisha mimi.

Nimpe kila mtu haki yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925, mwaka uleule wa Worcester. Katika kipindi hicho sharika za Usambara, kuanzia Mlalo iliyofunguliwa 1891, zilisimama kwa walimu na wainjilisti Waafrika. Walikuwa watu wa miguu. Walitembea kutoka kilima hiki hadi kile kumjulia hali mgonjwa mmoja. Kazi yao ilikuwa kuhubiri, ndiyo, lakini mtu aliyetembea saa tatu hafiki akasimama. Anakaribishwa kigoda, anapewa maji, anakaa.

Desturi hiyo ya kukaa haikuletwa na misheni. Nyumbani kwetu mgonjwa alijuliwa hali kwa kukaliwa. Wanawake walikuja na ndizi au unga, wakaketi mkekani, wakazungumza habari za mvua na za mnada, mgonjwa akisikiliza. Hakuna aliyemhimiza aseme. Akitaka kusema, alisema. Na Waislamu, ambao kwetu ni nusu ya ukoo, walikuwa na sunna yao ya kumzuru mgonjwa, nao walikaa vilevile.

Kisha ikaja veranda. Hapo nilihitaji shahidi, nikamkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa Mwislamu wa swala tano. Akiwa kijana alilazwa katika hospitali ya misheni kwa kidonda cha mguu. Kila asubuhi, kabla daktari hajapita, wagonjwa wote wanaoweza kutembea walipangwa verandani. Mwinjilisti alisimama mbele, wao wakakaa chini, akahubiri. Kisha dawa. Babu alisimulia habari hiyo mpaka alipokufa, kila mara kwa maneno yaleyale: "Mguu waliutibu, masikio wakayachosha." Halafu aliongeza, kwa haki, kwamba nesi aliyemsafisha kidonda alikuwa akimuuliza kila siku habari za mchumba wake, na kwamba kama angebadili dini kwa ajili ya mtu angebadili kwa ajili ya nesi yule.

Nilisoma kazi yangu mbele ya wenzangu. Nilipofika kwa babu, mkufunzi alinizuia. "Katika hospitali ile," akauliza, "chapleni alikuwa nani?" Nikajibu, mwinjilisti. Akanyamaza tu mpaka nikajisahihisha.

Lipo neno moja ambalo sina budi kulitaja, kwa kuwa Wamarekani hawana, na sisi tunalo, na tunalitumia vibaya. Ni "pole". Lugha nyingi zingelipa fedha kupata neno kama hilo. Lakini tazama linavyofanya kazi wodini. Unasema pole. Mgonjwa, kwa adabu, anajibu nimeshapoa. Hajapoa, mguu unaning'inia, lakini adabu imemlazimisha kujibu hivyo, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Mkufunzi alitupiga marufuku kulitumia siku tatu nzima, si kwa kulichukia bali ili tuone tutashika nini mkononi tukinyang'anywa. Siku ya kwanza nilikaa kwenye stuli kama bubu. Ya pili nilijikuta nikisema, "Usiku ulikuwaje?" Mama niliyemuuliza alizungumza nusu saa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wanajua kwa nini walisema. Uji una hoja yake. Lakini ukitoka kwenye uji, nimeona kwamba karibu kila kitu kingine mgonjwa anatamani kuulizwa, na hakuna anayemuuliza, kwa sababu daktari ana dakika tatu, nesi ana vitanda arobaini, na mchungaji ana maombi.

Na wanatuogopa. Hilo hakuna aliyeniambia kabla. Jumatano ya wiki ya pili nilimsogelea baba mmoja wa makamo, akanitazama kola, akageuka kumtafuta nesi kwa macho. "Daktari amesema nini?" akaniuliza. "Mbona wamekuleta wewe?" Alidhani ameshakatiwa tamaa. Katika wodi zetu mchungaji huitwa mwishoni, kuaga au kutoa habari ya msiba. Mwenzetu mmoja katika kozi, aliyekuwa ameshafanya kazi hospitalini kwa muda, alisema kwamba pale kwao ofisi ya uhasibu ilimtumia kuzungumza na wagonjwa walioshindwa kulipa, kwa kuwa "wewe una lugha nzuri". Mtu wa namna hiyo akikaribia kitanda, kwa nini usivute shuka?

Mafunzo ya aina ya Boisen yalifika kwetu kupitia hospitali kubwa za kanisa. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, imekuwa na kozi ya CPE ambayo wachungaji wa dayosisi na madhehebu mbalimbali wamepitia, na mkufunzi wetu alikuwa mmoja wao. Kipimo cha kimataifa kwa hatua moja ya mafunzo kimekuwa saa 400 kwa muda mrefu, wodini na darasani. Hata hivyo naamini kilichoyafanya yaeleweke hapa hakikutoka Boston. Kilitoka Kagera.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka ishirini na zaidi iliyofuata, mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwishoni mwa mwaka 2004, wodi zilijaa watu ambao daktari hakuwa na cha kuwapa. Hapo ndipo maneno "ushauri nasaha" yalipoingia katika vinywa vya watu wote, hata wasioingia kanisani. Wachungaji wengine walijifunza kukaa na kusikiliza katika miaka hiyo kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Wengine hawakujifunza.

Baba yangu mdogo alikufa mwaka 1997. Alikuwa dereva wa lori. Miezi minne ya mwisho alilala katika chumba cha nyuma, na mimi, binti wa shule, ndiye niliyempelekea uji. Mchungaji mmoja, simtaji na hayupo tena, alikuja mara moja. Alisimama mlangoni. Aliomba akiwa mlangoni. Mazishini alihubiri juu ya mshahara wa dhambi mpaka bibi yangu akainuka akaenda zake jikoni. Katika karatasi yangu ya wito, ile ya kurasa mbili, niliandika kwamba niliitwa katika semina ya vijana Lushoto. Si uongo, semina ilikuwepo. Lakini usiku wa kabla ya siku ya mwisho nilichukua kalamu, nikaandika upya ukurasa wa kwanza, nikaanza na ule mlango.

Sijui kama Boisen angenipa alama. Yeye mwenyewe alirudi wodini kama mgonjwa tena baada ya kuwa mwalimu maarufu, akapona, akaendelea kufundisha. Mwaka 1932 alihamia hospitali ya Elgin, Illinois, na huko ndiko alikofia mwaka 1965, akiwa na miaka 88. Alikuwa mgumu, wanasema, na wanafunzi walimwogopa. Kitu kimoja alichokifanya napenda kukisimulia kuliko vingine: alitengeneza kitabu cha nyimbo kwa ajili ya ibada za hospitali, akazipitia tenzi za kanisa moja baada ya nyingine, akaziacha zile zilizoweza kumtia hofu mtu ambaye tayari anasikia sauti. Nimejaribu kufanya hivyo na kitabu chetu cha nyimbo. Si kazi ya siku moja. Tunaimba damu na adui kwa furaha sana sisi tulio wazima.

Yule mzee wa paja nilimrudia kesho yake ya ile aibu, na stuli yangu. Mbuzi walikuwa saba. Walifungwa kwenye banda nyuma ya nyumba, maji ya kutosha siku moja. Jirani alikuwa na simu lakini mzee hakuwa na namba yake, namba alikuwa nayo kijana, na kijana alikuwa Korogwe kwenye shughuli ya kutafuta fedha za hospitali hiyohiyo. Ilinichukua simu tano, kupitia mwinjilisti wa mtaa, kumpata mtu wa kwenda kuwafungulia. Mmoja alikuwa ameshakufa. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza, na safari hii sikuomba mpaka alipotaka mwenyewe. Hakutaka siku ile. Alitaka siku ya tatu, na ombi lenyewe lilikuwa la kijana wake.

Yote hayo niliyaandika, neno kwa neno, kurasa nne. Mkufunzi alirudisha bila maoni, isipokuwa kwenye mstari ninapoeleza jinsi nilivyomwambia mzee habari ya yule mbuzi. Hapo aliandika kwa kalamu nyekundu: "Ulikuwa umekaa?"

Nilikuwa nimekaa. Barua ya dayosisi imefika Ijumaa iliyopita. Naanza saa zangu 400 mwezi wa tisa, wodi ya wanaume.